Mlango Ndio Rula

Byamungu anamsimamisha askari wake kizingitini,
anabandika karatasi juu ya kioo cha televisheni.
"Baba, tuseme mlango ni mita mbili."
Tuseme.

Nami niliyeshika mnyororo wa mpima ardhi kule Uvira,
nikihesabu kwa sauti katikati ya mihogo ya watu,
nawasha saa ya simu. Askari anatoka mbio,
mita tano kila sekunde,
kutoka lango la ufalme hadi mlima wa joka.
Dakika sita.
(Alikwama kwenye ua mara moja; tumemsamehe.)

Kilomita moja na mita mia nane!
Ufalme mzima, na jangwa lake, na theluji yake,
ni kutoka hapa Spring Bank hadi daraja la mto Hull,
ukipita kwa kinyozi na kwa yule Mkurdi muuza bamia.
Joka, kwa hesabu hiyo, linalala kwenye maegesho ya magari.

Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Kisha anapima jua. Kuchomoza hadi kuchomoza,
dakika ishirini na nne.
Anaandika, anafuta, analamba penseli.
"Zamu yako ghalani ni saa kumi na mbili?"
"Kumi na mbili, bila kuhesabu basi."
"Basi ukienda kazini, huku unapotea mwezi mzima."

Navaa fulana ya njano. Mvua inapiga dirisha.
Amemrudisha askari kizingitini, uso nje,
na hataki nizime televisheni.