Sakafu ya Ghala la Tatu, Suhar

Mwenye mali alitaka sakafu ing'ae,
ajione ndevu akipita na wageni.
Alinionyesha picha: ghala jeupe kama maziwa,
humo ndani hata alama ya tairi moja hakuna.

Nikamwuliza, Sheikh Thuwaini, utaweka nini humu?
Chuma, akasema. Marobota ya chuma,
tani ishirini kila moja,
na foklifti nne zikikata kona palepale
mpaka meli iishe.

Nikapanga mezani vipande vyangu vitatu,
nikampa nyundo. Gonga.
Cha kwanza, kile cha rangi, kilibanduka ganda
kama yai la kuchemsha.
Cha pili kilitoa vumbi,
lile jembamba linaloua beringi.
Cha tatu, kokoto ngumu za mlimani, maji kidogo,
kikairudisha nyundo.
Hakikung'aa. Kilikuwa na rangi ya jivu la jana.

Akauliza bei.
Bei ikamuuma kuliko nyundo.

Tulimwaga Juni, saa nane za usiku,
joto bado thelathini na sita,
barafu ikilia ndani ya mashine.
Zege halilali, husema kwa bibi yangu, Unguja.
Ghulam Rasul hajui Kiswahili
lakini naye hakulala:
alizunguka na ile mashine ya kulainishia, wanayoiita helikopta,
akisimama kulipima zege kwa kisigino.
Bado.
Bado.
Sasa.

Bibi alipigilia sakafu za chokaa kwa kipande cha mti.
Mkono wake wa kulia ulibaki mnene kuliko wa kushoto
hadi tulipomwosha.

Alasiri nikaleta msumeno.
Sheikh akaruka: Unaikata? Mpya hii?
Ufa utakuja tu, nikamwambia.
Zege likikauka hunywea, lazima lipasuke mahali.
Wenzangu huusubiri ufa wauzibe.
Mimi huukata mwenyewe, mapema, kwa uzi ulionyooka,
usije ukachagua njia yake.

Siku saba tukaifunika magunia mabichi,
tukainywesha kama mgonjwa wa homa.

Mwaka wa sita huu. Juzi nilipita.
Penye kona ya foklifti pana weusi wa mpira, basi.
Niliinama, nikapapasa, nikajipangusa kiganja:
hakuna vumbi.
Sheikh amenipigia simu mara moja tu tangu siku ile,
kuniuliza habari za bomba la choo.