Dirisha la Nyuma

Wameligongomea kibao cha shaba, Duka la Hirji,
pale Uhindini, mtaa unaposhuka kulitazama bonde la Ruaha Mdogo.
"Jengo hili linalindwa kisheria," kinasema,
na kweli juu ya mlango bado inasomeka: 1936,
tarakimu za saruji, tisa yake imepoteza mkia.

Nimekuja na funguo. Ndiye mimi mlinzi wa mchana.
Afisa wa Mambo ya Kale, Bi. Tulibako, mtoto wa Tukuyu,
amevaa makoti mawili;
anasema baridi ya kwao ina mvua, yetu ina meno.

Anapima nguzo. Anapima vioo vya maonyesho.
Ngazi za mninga anazihesabu kwa mguu: ishirini na tatu.
Ananiuliza ule waya unaokatiza dari ni wa nini.
Wa pesa, namwambia.
Muuza vitambaa aliweka shilingi kwenye kikombe cha mti,
akavuta kamba, kikombe kikaruka juu ya vichwa, fyuu,
hadi kwa karani kizimbani ghorofani,
kikarudi na chenji na risiti.
Wake za wakulima wa tumbaku, Wagiriki na Waingereza,
walileta watoto wao kukitazama tu.

Bibi yangu, Sekalinga, hakuwahi kukiona kikiruka.
Alikisikia.

Sisi tulinunulia nyuma.
Njoo nikuonyeshe; jihadhari na hilo bati.
Dirisha hili, ukubwa wa trei ya chai.
Hapa ilipita kaniki, chumvi, kiberiti, utambi wa chemli,
na hapa ziliingia sarafu zenye tundu, zimefunguliwa pindoni.
Huchagui. Unataja, unapewa, unaondoka.
Alitembea toka Kalenga na kurudi, siku nzima,
kwa yadi tatu za kitambaa
ambacho hakukishika kabla ya kukilipia.

Kisha Uhuru; kisha, mwaka wa sabini na moja, nyumba ikawa ya Serikali.
Mzee Hirji akaondoka na cherehani na picha ya baba yake,
na mlango wa mbele ukafunguliwa, mabawa yote mawili.
Bibi akaingia. Alivua ndala kwanza, watu wakamcheka.
Akapanda zote ishirini na tatu, mkono kwenye mninga,
viatu, vyombo, samani,
akashika kila kitu, hakununua hata kimoja.
"Nitarudi," alisema.

Alirudi mwaka wa themanini na tatu.
Foleni ilipinda hadi sokoni.
Rafuni palikuwa na viatu vya mguu wa kushoto
na vumbi lililopangwa vizuri.

Usiku dirisha la nyuma likaamka.
Sukari, sabuni, betri. Walioligonga sasa
walikuja na gari, taa zimezimwa,
wenye vyeo, ambao mama zao labda walisimama hapa hapa,
wakajifunza upya kuinama.
Watu wakasema vitu vinatoka kwa mlango wa nyuma.
Bibi akakataa: hapakuwa na mlango. Lilikuwa dirisha.

Mengine ni ya juzi: mitumba, saluni, chaja za simu,
kanisa la ghorofani na spika zake
(muulize yule tisa mkia wake ulikwenda wapi).

Bi. Tulibako anafungua ramani. Mstari mwekundu
unazunguka uso wa jengo, ngazi, waya wa pesa.
Huku nyuma umepita kwa nje. Patakuwa maegesho.

Simwambii neno. Napangusa kizingiti kwa kofia yangu
aone pale ubao ulipobonyea,
shimo jepesi kama la kinu kipya,
viwiko vya miaka thelathini na mitano.

Anatoa futi. Anairudisha.
Anaegemeza kiwiko chake, makoti na yote,
anabaki hapo kidogo, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.
Halafu ananiuliza: kalamu nyekundu unayo?
Ninayo ya bluu tu, ya kuandikia wageni.