Safu ya Mwisho

Saa nne usiku, kitanda cha sita.
Shija wa Igombe, miezi kumi na minne.
Pumzi, sifuri. Mapigo, moja.
Nikabonyeza ukucha, damu ikarudi
kabla sijamaliza kusema "sangara".
Jumla moja. Kijani. Nikasogea cha saba.

Dirishani, mwezi umekufa,
na taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani
kama mtu aliyemwaga mtama gizani.

Saa sita. Mbavu zimeanza kuchora mistari.
Pumzi, mbili. Mapigo, moja.
Tatu. Njano. Rudia baada ya nusu saa,
ndivyo karatasi inavyosema,
na karatasi haisinzii. Mimi nasinzia.

Bibi yake, Ng'walu, ameketi juu ya ndoo.
Hakuniita kwa jina, aliniita kwa kidole:
"Tangu jioni hajaninyang'anya shanga."
Zipo shingoni mwake, nyekundu,
na mkono wa mtoto umelala karibu nazo
kama kitu cha mtu mwingine.

Hakuna kisanduku cha shanga.
Ipo safu ya mwisho, ile tuliyoicheka semina:
Mlezi ana wasiwasi?
Nikaweka moja.

Nne ni simu.
Daktari Rweyongeza ndiyo kwanza amevua viatu.
"Si homa tu hiyo?"
"Nne."
"Dawa ya homa umempa?"
"Nne, daktari."
Kimya. Kisha kandambili zake ngazini, mbio.

Sikumwambia kuhusu mwaka ule, kabla ya karatasi,
kitanda hiki hiki, mtoto mwingine.
Saa nne niliandika: hali yaridhisha.
Saa sita: hali yaridhisha.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.
Saa nane nilitafuta shuka.

Mashine ya oksijeni ikavuma, mrija ukakaa puani,
sindano ikakosa mshipa mara mbili, ya tatu ikaingia.
Bibi alisema, bila kunitazama:
"Dagaa haozi ghafla, mwanangu.
Sisi ndio tunachelewa kunusa."
Miaka thelathini anaanika mwaloni. Anajua.

Alfajiri, jumla mbili.
Mawe ya mlimani yanapata rangi, moja moja.
"Bado hanyang'anyi," akasema Ng'walu,
"ila amezitazama."

Hilo nalo halina safu.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.