Mraba Wenye X

Bwana Chilongani aliweka kidole juu ya ramani,
kidole chenye doa la zabibu za Hombolo.
"Huu mraba wenye X, kama nyumba ya kubomolewa,
wa nini?"
Lifti, nikasema.
Akapiga hesabu kwenye simu:
ghorofa tano, vyumba vitano, kodi ya kila mwezi.
"Ngazi zipo. Lifti tutaweka baadaye."

Baadaye utaipitishia wapi?
Zege likishakauka halisikii samahani.

Sikumtajia shangazi Mbeleje
aliyefuata mafao yake ghorofa ya tatu,
akabebwa na mlinzi na muuza karanga,
kitenge kikimpanda magotini,
watu wakitazama ukutani kwa heshima.
Mafao alipata. Mjini hakurudi tena.

Nilisema tu: tuchimbe shimo sasa,
mita moja na nusu chini ya sakafu,
tundu tuliache tupu hadi juu,
upepo wa Julai upige mluzi humo
mpaka hela ipatikane.

Akanyamaza. Akajikuna goti la kushoto.
Kisha, kama anayemuulizia mtu mwingine:
"Na kiti cha magurudumu,
kinaenea?"