Sifongo Mbili

Kila siku saa kumi na moja jioni navuka theluji
hadi kwa dada yangu, ghorofa ya tatu, Kiruna mpya,
mji uliohamishwa kwa kuwa mgodi unautafuna kwa chini.
Nyumba tuliyozaliwa niliiona ikipita barabarani
juu ya magurudumu, mapazia yangali dirishani.

Nakoroga chumvi katika maji vuguvugu,
nalowesha sifongo mbili, ndogo kama biskuti,
nazikamua zisimchuruzikie machoni,
kisha namvika mkanda:
sifongo moja kushoto mwa kipaji, ya pili kulia.
Simu inauliza: Uko tayari?
Gunvor hajibu.
Nabonyeza mimi.

Miaka thelathini na mmoja nilitega baruti.
Umeme kwangu ulikuwa waya mwekundu, waya wa buluu,
kuhesabu kinyumenyume, kisha mlima kukohoa.
Kwa hiyo muuguzi Solveig aliponiambia
"Ni miliampea mbili tu, hauwashi hata tochi,
unabisha hodi kwenye ubongo, hauvunji mlango,"
nilicheka kicheko cha mtu asiyeona la kuchekesha.
Hodi gani, kwa mwenye nyumba
aliyejifungia ndani na taa amezima?

Maana ndivyo alivyokuwa tangu Oktoba.
Hakulia. Laiti angelia.
Alikaa akiutazama ukuta
kama sanduku walilolisahau wapagazi.
Una njaa? Sijui.
Unasikia baridi? Sijui.
Desemba jua likaaga, kama ada yake huku kwetu,
naye hakugeuza hata shingo kulisindikiza.

Siku ya tatu alisema, "Inawasha.
Kama sweta la baba."
Basi. Nikaandika kwenye kalenda: *maneno manne*.

Wiki ya pili, kimya.
Wiki ya tatu, Solveig kwenye simu:
Moyo wako leo, sifuri hadi kumi?
Nne.
Na jana?
Nne.
Nikajiuliza hiyo nne huipima kwa rula gani,
mimi ambaye sijawahi kuulizwa.

Siku moja, alipokuwa bafuni, nilijivika mkanda.
Chumvi ikanichoma kwenye mikunjo ya uso,
mmweko mdogo ukapita pembeni mwa jicho,
kisha pakatulia, na katika utulivu ule
nikasikia kitu kikijongea, sikukipenda.
Nikauvua kabla ya dakika ya pili.
Solveig sikumwambia. Gunvor sikumwambia.
Ninawaambia ninyi.

Ilikuwa wiki ya tano, siku ya Alhamisi.
"Ingemar," akasema, macho bado ukutani,
"kahawa hii ni maji ya kuoshea soksi."

Nikakiweka kikombe chini polepole,
kama ninavyoweka baruti iliyokataa kulipuka.
Analalamika!
Mtu akikataa kahawa mbaya
yuko mahali fulani anaikumbuka nzuri.

Sisemi ni umeme.
Huenda ni jua, lililorudi juzi kwa dakika ishirini
jekundu na jembamba kama ukingo wa kopo.
Huenda ni vidole vyangu juu ya kipaji chake,
sisi ambao kwetu kugusana ni mpaka mazishini.
Nilipomuuliza Solveig hakujidai kujua.
"Wapo wanaoinuka," alisema, "na wapo wasioinuka.
Lowesha sifongo."

Nikalowesha.

Usiku ule, saa saba na robo, mgodi ukalipua
kama unavyolipua kila usiku;
vikombe vikagongana kabatini, kitanda kikasogea unywele.
Simu ikalia.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
"Leo wametia nyingi."
"Nyingi mno," nikasema. "Enzi zetu tusingethubutu."
"Enzi zenu," akasema, "mlivunja dirisha la jikoni,
na mpaka leo hujalilipa."

Akakata bila kwaheri, kama zamani.