Sikio la Zhuti

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Waliosema hawakumwona Zhuti
akikikung'uta kichwa usiku wa tatu mfululizo,
pu-pu-pu, masikio yakipiga sakafu ya mbao,
nami niliyebakiwa na sikio moja linalofanya kazi
nikiusikia mpigo ule kama saa iliyong'oka jino.

Mimi ni fundi saa, hapa Struga, karibu na daraja,
pale mto Drim unapotoka ziwani ukiwa bado kijani.
Julai nzima Zhuti alioga humo,
akiwafukuza bata asiowapata,
akirudi na masikio mazito kama matambara ya kudekia.
Sikuyakausha.
Nani hukausha masikio ya mbwa?

Harufu ndiyo iliyonisuta kwanza:
mkate uliosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki.
Nikaliinua sikio. Wekundu. Nta ya kahawia.
Jirani Spaska akaja na chupa ya rakija:
"Matone matatu tu. Litachoma, litapona."
Mkono wangu nao ukakiendea kibanio kirefu,
kile cha kuokotea skrubu zisizoonekana.

Nikakirudisha.
Kwa kuwa nilikuwa tena na miaka sita, kule milimani,
theluji imeziba mlango,
na bibi yangu, aliyenipenda kuliko macho yake,
ananimiminia mafuta ya moto yenye maji ya kitunguu.
Tangu siku ile upande wa kushoto
ni jumba lisilo na wapangaji.

Daktari Ristana ana kucha fupi, na haraka hana.
Alichungulia kwa kitaa chake mpaka mwisho wa njia:
"Kiwambo ni kizima. Kingekuwa kimetoboka,
hata dawa nzuri ingeweza kumdhuru."
Akachukua nta kidogo, akaipaka kwenye kioo,
akaniita kwenye darubini:
vijidude vyenye umbo la karanga, umati mzima.
"Kuvu. Wanapenda joto, giza na unyevu.
Wewe umewajengea hoteli."

Basi nikajifunza ufundi wa pili uzeeni.
Jaza mfereji kwa maji ya kusafishia aliyokupa,
likande shina la sikio mpaka lilie chwa-chwa
kama kiatu kilicholowa,
mwache ajikung'ute (nilioga mimi, ikaoga na kalenda),
futa kwa pamba pale kidole kinapofika, usivuke,
ngoja pakauke, ndipo utie matone.
Siku kumi na nne.

Siku ya sita harufu ikaisha, mkia ukarudi kazini.
Nikaipandisha chupa juu ya kabati.
Siku ya kumi: pu-pu-pu.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu:
"Saa ikianza kutembea kabla hujaifunga mgongo,
huwa unamrudishia mwenyewe?"
Hilo nililisikia kwa masikio yote mawili.

Tukaanza tena, siku ya kwanza.

Agosti Spaska akamleta paka wake, Mishka,
kajikuna hadi damu,
ndani ya sikio unga mweusi kama machicha ya kahawa.
"Kuvu?" akauliza.
"Sijui," nikasema, na neno hilo lilinigharimu.
"Mpeleke. Na dawa ya Zhuti usimtilie,
paka si mbwa mdogo."
Walikuwa utitiri.
Rakija tuliinywa wenyewe.

Sasa kila Jumamosi, kabla sijafungua duka,
nainua sikio moja, nanusa, nainua la pili.
Wateja wananitazama dirishani.
Watazame.
Mlango ukigongwa upande wangu wa kushoto
ni yeye anayeinuka kunijulisha,
na sijawahi kumlipa hata denari.

Leo ameingia mtoni tena, bata walewale.
Nimesimama ukingoni
na taulo begani.