Omu Mbili

Gari liliingia Kasumbalesa usukani ukiwa kulia.
Likatoka kwa Monga, mtaa wa pili, usukani kushoto,
kama mtu aliyehamishwa moyo
na Jumatatu akaambiwa arudi kazini.
Dashibodi imekatwa kwa msumeno, ikaungwa kwa gundi.
Waipa bado zinafagia kwa adabu ya kule zilikozaliwa:
abiria zinampa mwanga,
dereva zinamwachia pembe moja ya matope.

Palipokuwa na mfuko wa hewa wa abiria
sasa pana nguzo ya usukani.
Palipokuwa na wa dereva
pana kisanduku cha risiti na maganda ya njugu.
Na kando ya mshale wa mafuta, yule mtu mdogo mwekundu.
Ameketi. Amefunga mkanda.
Kifuani amekumbatia mpira
usiokuwepo.

Kazi yangu ni huyo.
Katuba nzima wananijua, fundi wa kumzima mwekundu.
Sing'oi balbu, hiyo ni kazi ya wanafunzi,
mnunuzi mjanja ataigundua kabla hajafunga mlango.
Mimi hushika nyaya mbili za manjano chini ya usukani,
nikazifunga kwa rezistansi ya omu mbili,
kitu chembamba kuliko punje ya mchele,
na ubongo wa gari unahesabu: mbili. Sawa. Mfuko upo.
Taa inawaka sekunde sita, inakohoa, inazima,
kama mlinzi aliyepewa sigara.
Elfu kumi na tano za franka. Kwa rafiki, kumi.
Sikuwahi kuuita uongo.
Niliuita usafi.

Mama Numbi alikuja siku ya mvua ya kwanza.
Mkunga. Viatu vyeupe vya plastiki, vumbi jekundu hadi kisiginoni.
Aliketi ndani, mlango wazi, akaitazama taa.
"Huyu ana mimba," alisema.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Juu ya nini inawaka?"
"Inatafuta kitu ambacho hakiko."
"Na wewe utakiweka?"
"Hapana, Mama. Nitaiambia kiko."

Mukalay, kijana wangu, alikuwa ameshapasha moto chuma cha kulehemu.
Mama Numbi akafuta mikono yake, ambayo ilikuwa mikavu.
Akasema kule kwao kulikuwa na mashine ya kulia usiku,
na mtu wa zamu akaiziba mdomo kwa pamba na skochi
kwa sababu ilimnyima usingizi.
"Usiku ule wodi nzima ililala vizuri."
Hakuendelea.
Mvua ndiyo iliyoendelea, juu ya bati.

Kisha: "Acha yake. Iwake.
Nikiitwa Ruashi saa nane za usiku, mtu anazaa,
nijue nimetoka na nini, na bila nini.
Nitakwenda polepole."

Nilikataa pesa yake.
Aliiacha juu ya betri, elfu tano, zimekunjwa mara nne.

Sijaacha kazi. Usidhani.
Watoto wanakula. Jana nilifunga magari mawili, leo asubuhi moja.
Ila sasa, kabla sijakata waya, namwita mwenye gari,
namwekea rezistansi kwenye kiganja:
"Hii ndiyo itakayokupokea."
Wengine wanatania. Karibu wote wanalipa.
Mmoja tu, dereva wa watu wa mgodini,
aliirudisha mkononi mwangu kama kaa la moto,
akaondoka bila kuaga,
na mpaka leo sijui alikwenda kwa fundi gani.

Usiku umeme ukikatika Katuba yote
husikia injini ndogo ikipita taratibu,
ikiyakwepa mashimo moja moja,
nami najua, bila kuchungulia dirishani,
kwamba humo ndani wako wawili:
mkunga,
na yule mwekundu aliyeketi, mkanda umefungwa,
anangoja.